Herufi Moja ya Saini, Mbweni

Mimi ni mtu wa ndani. Nilipomaliza kidato cha nne niliolewa, na tangu hapo safari yangu ndefu imekuwa kwenda sokoni Darajani na kurudi kabla chai haijapoa. Basi mwenye nyumba wetu wa Mji Mkongwe alipotwambia tuhame ifikapo mwisho wa mwezi, kwa kuwa anataka kulaza watalii, nililia kwanza, ndipo nikauliza tutakwenda wapi na watoto wawili.

Mume wangu alikuwa kazini Pemba. "Basi nyumba utanunua wewe," akaniambia kwa simu. "Lakini usije ukanunua ya watu wakiwa ndani." Akacheka. Akanitafutia dalali aliyeapa kwamba yeye si kama wenzake wanaokula huku na huku, yeye ni wa mnunuzi peke yake.

Baada ya wiki mbili dalali huyo akapata nyumba Mbweni, vyumba vitatu, upepo wa bahari unaingia mpaka nyuma. Nilionyeshwa mara moja tu, mbiombio, na usiku ule nikahamia kichwani. Watoto niliwapa chumba cha kati. Kile kidogo cha nyuma nikakifanya stoo ya masufuria yangu.

Siku ya kuandikishana, dalali alinipa masharti garini. "Bi, usisifu kitu. Ukisema tu 'pazuri', bei inapanda."

"Kwetu hata mimi sisifiwi," nikamwambia. "Nshazoea."

Hakucheka. Kulikuwa na mnunuzi mwingine anakuja baada ya Alasiri, na hati ikiwa haijatiwa saini, nyumba imekwenda. Alinikumbusha hilo mara tatu, na kila mara alitazama saa.

Tulipofika, wauzaji walikuwa barazani pamoja na sheha, mkuu wa mtaa, aliyekuja kushuhudia. Walikuwa ndugu watatu wa kiume, nyumba wameachiwa na baba yao. Wanaume wakakaa kusoma karatasi. Mimi, kama ilivyo desturi, nikapita mlango wa uwani kuwasalimu wanawake wa nyumba.

Jikoni alikuwepo bi mkubwa mmoja, anakuna nazi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Ugonjwa wangu ni kwamba siwezi kumtazama mtu anapika nikakaa kitako. Nikanawa mikono, nikaanza kukamua tui. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema wawili.

"Basi kile chumba cha mbele kitawabana."

"Chumba cha mbele?"

"Si ndicho mnachokuja kupanga? Kaka zangu wamenambia leo wanakuja wapangaji."

Nusu ya tui ilinimwagikia kwenye kanga. Nikamuuliza, na sauti yangu mwenyewe siitambui, yeye analala wapi.

"Cha nyuma. Nilipofiwa na mume nikarudi kwa baba. Mie nina kwengine?"

Kumbe watoto wa yule baba aliyeacha nyumba walikuwa wanne. Naye ni mrithi kama wao, na fungu lake limo ndani ya kuta zile, wala hana habari kwamba linauzwa.

"Bi! Njoo utie saini!" dalali akaita.

Nilinawa mikono polepole kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Kutoka jikoni hadi barazani ni hatua chache tu, lakini nilipata wasaa wa kuwaza mengi, na mengi hayakuwa mazuri. Nikinyamaza, leo tuna nyumba. Mambo ya ndugu yananihusu nini? Na nikisema, wanangu watalala wapi?

Sheha, aliyekuwa mpya katika shehia ile, akauliza, "Warithi wote mpo?"

"Tupo wote," akajibu kaka mkubwa.

Nikapewa kalamu. Na hapa sitajipamba: niliandika. Niliandika herufi ya kwanza ya jina langu, nzuri kabisa, kama ya darasani. Ya pili ikakataa kutoka.

"Sheha," nikasema, "na bi mkubwa aliyeko jikoni?"

Dalali alinikanyaga mguu hadi machozi yakanitoka.

"Yule hana neno," akasema kaka mkubwa. "Dada yetu, atakubali tu."

"Mwiteni," sheha akasema.

Akaja, viganja vyeupe kwa nazi, akasimama mlangoni. Sheha alipomweleza, hakupiga kelele. Aliwatazama kaka zake mmoja baada ya mwingine, wa kwanza akainamisha kichwa, wa pili akashika simu, wa tatu akageukia ukuta. "Mie nimepika chakula cha wageni," akasema. Basi. Sheha akakunja karatasi.

Garini, dalali alisubiri tufike barabara kuu ndipo akasimamisha, akapasuka. "Nlikwambia nini mie?"

"Uliniambia nisisifu. Nimesifu nini?"

"Bora ungesifu!"

Nilitaka kucheka, nikakumbuka tarehe ya kuhama. Siku kumi na moja ndizo zilizobaki, na mume wangu alikuwa anapiga simu, nami sipokei.

"Tafuta nyingine," nikamwambia.

"Hapahapa Mbweni?"

"Popote, hata Tunguu. Ila safari hii mimi nianze jikoni, hati baadaye."

Aliwasha gari, tukaondoka.