Skrini Iliyofungwa Kitambaa

Kuna siku moja ninayoikumbuka kila nikishika waya wa chaji, mwanangu. Nakusimulia leo kwa sababu nimeona umeleta pikipiki mpya ya umeme kijiweni, na unaipigia picha kuliko unavyoipigia kazi. Nyie mnaniita mzee. Mzee gani, ndevu zenyewe bado zinabishana zitokee wapi? Ila kwa pikipiki hizi, hapa Mpanda, sisi wa mwanzo tumezeeka haraka. Kaa hapo.

Nilianza na rafiki yangu Shija, Msukuma wa Kasekese. Baba yake aliuza ng'ombe akamnunulia pikipiki ya umeme iliyotumika. Dashibodi ilishakufa kwa mvua, haioneshi chaji, haioneshi spidi, inakuonesha sura yako tu ukiinama. Kwa hiyo Shija alihesabu kichwani: nimenunua uniti hizi, zitanifikisha pale.

Kituo cha kuchajia kilikuwa kimoja tu, karibu na soko. Bei yake ni kwa uniti, na chaja ina skrini ya namba. Sema hiyo skrini walikuwa wameifunga kitambaa. Jamaa wa kituo anakifunua kidogo, anachungulia kama anayeangalia maharage yameiva, halafu anakutajia uniti zako. Unalipa, unaondoka. Hatukuuliza kwa sababu tulikuwa tunachaji kwa buku buku, elfu moja moja. Ukibeba abiria wawili watatu unaenda kuweka ya buku, unarudi kijiweni. Hakuna aliyewahi kujaza betri kutoka tupu mpaka mwisho, kwa hiyo hakuna aliyejua uniti ya pale ina ujazo gani. Ikikuzimikia, unalaumu betri, unalaumu kilima, unamlaumu abiria mnene.

Siku hiyo Shija alimleta mama yake mjini kununua mbegu, wakapitia kituoni. Mimi nilikuwa nimejilaza juu ya siti yangu. Mama akakitazama kile kitambaa.

"Hiki kimefiwa?"

"Kipi, mama?" jamaa wa kituo akauliza.

"Hiki chombo hapa. Mbona kimejifunika uso?"

"Ni vumbi, mama yangu. Linaua mashine."

"Na wewe mbona hujajifunika? Vumbi si ndilo hilo hilo?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatugeukia sisi madereva, akasema kauza pamba na mpunga maisha yake yote, na mnunuzi akiikinga mizani ili yeye asione namba, anafunga gunia lake anarudi nalo nyumbani. "Nyie mnatoa hela mbele ya kitambaa. Nani kawaroga?"

"Mayu, twende, unaniaibisha," Shija akamwambia mama yake.

Na mimi, mdomo wangu huu, nikadakia: "Mama, huu ni umeme, si gunia la kujaziwa lumbesa." Kijiwe kizima kikacheka. Mama akaniangalia tu, kama unavyomwangalia mtu aliyekanyaga kinyesi na bado hajajua.

Mvua zilipochanganya, mama huyo huyo akabanwa na kifua. Zahanati ya kijijini wakasema apelekwe Mpanda siku hiyo hiyo. Gari la abiria lilishaondoka asubuhi. Shija alikuwa mjini na betri tupu. Akaenda kituoni akanunua uniti tatu, za kwenda, za kurudi na za akiba. Jamaa akachungulia, akasema tayari.

Kwenda alifika. Akampakia mama yake, akamfunga mgongoni kwake kwa kanga asidondoke. Wakati wa kurudi, katikati ya pori, pikipiki ikanyamaza. Mtandao hakuna. Akaisukuma mama akiwa juu yake, mbung'o wanamuuma mikono asiweze kuwafukuza. Alipofika juu ya kilima simu ikashika, akanipigia. Nikaazima pikipiki ya mafuta nikakimbia.

Nilimkuta amekaa pembeni ya barabara, amempakata mama yake.

"Ameacha kukohoa," akaniambia.

Nilishika mkono wa mama, nikauachia. Nikavua koti langu la mvua, nikamfunika uso.

Baada ya mazishi tulichaji pikipiki ile ile kwa mita ya LUKU ya nyumbani kwangu, uniti tatu, namba tunaziona zikishuka. Ikaenda Kasekese ikarudi, na chaji ikabaki. Mwanangu, betri haikuwa na kosa. Shija akaenda kituoni. Nilidhani atapiga mtu. Alifungua kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mezani mbele ya jamaa, akatoka. Wakaguzi wa vipimo walikuja, kituo kikafungwa, kikafunguliwa tena na rangi mpya. Shija aliuza pikipiki. Sasa hivi anachunga, na nikimpigia tunaongelea mvua tu.

Labda hata angefika hospitali asingepona. Sijui. Ndiyo hiyo inayonikalisha macho: hatutajua.

Kwa hiyo sikiliza. Kabla hujachomeka, skrini iwe wazi na namba ianze sifuri mbele ya macho yako. Stika ya wakaguzi uione, na mwaka wake uusome. Lipia uniti, usikubali kulipia saa, maana umeme ukiwa mdogo saa inaisha na betri haina kitu. Uliza mapema kama wanakata hela ukichelewa kuchomoa. Risiti iandike uniti. Na mara moja moja jaza betri yako nyumbani kutoka tupu, uijue inakula kiasi gani, ili mtu asikudanganye ukubwa wa tumbo la mtoto wako mwenyewe. Mtu mzima akiuliza swali kijiweni, funga mdomo kwanza. Utacheka baadaye kama bado kuna cha kuchekea.

Nenda sasa, abiria anakuita. Mungu akufikishe unakokwenda, akurudishe na chaji mkononi, na unayembeba ashuke kwa miguu yake mwenyewe.