Mguu wa Mbuni Ulibaki Kwenye Pamba Yangu

Mguu wa mbuni ulitoka kwenye mtungi ukabaki kwenye pamba yangu.

Msicheke. Mtungi wenyewe una miaka zaidi ya elfu tano, na ile picha ya mbuni na mashua ndiyo iliyokuwa ikileta watu kwenye makumbusho yetu madogo huku Saidi, kusini mwa Misri. Rangi ya kale ilichomwa tanuruni pamoja na udongo. Haitoki kwa pamba na maji.

Machale yakanicheza.

Mwenye ufunguo wa kabati la mtungi ule alikuwa mmoja tu: Ami Bishay, mtunza stoo. Mzee mcheshi, chai yake sukari tupu. Mimi ndiye fundi wa kusafisha vitu vya kale, lakini kila nilipotaka kuusafisha ule mtungi, alikuwa na sababu.

"Leo vumbi jingi, binti yangu."

"Leo kuna wageni."

Siku ile tu ndiyo alisahau kulifunga kabati.

Nikajiambia hapa pana namna. Mzee kauza mtungi halisi, katuwekea feki. Ikithibitika ni jela, na kwa umri ule asingetoka hai.

Nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembe. Mfuko wake, simu zake, hata viatu vyake vipya. Siku moja nikamkuta kaupakata mtungi, brashi mkononi.

"Ami, mtungi halisi uko wapi?"

"Si huu hapa?"

"Usinifanye mtoto. Rangi inatoka."

"Inatoka sana tu. Ndiyo maana naipaka tena." Akachovya brashi. "Umemkata mguu mbuni wangu, halafu unaniuliza mimi?"

"Tangu lini unapaka?"

"Tangu nianze kazi. Aliyenitangulia ndiye aliyenifundisha. Na yeye aliukuta hivyohivyo."

Sikumwamini hata chembe. Nikamweleza mkurugenzi. Mzee akasimamishwa kazi, na wauza ta'amiya, zile bajia za maharage, pale getini wakaanza kumwita mwizi.

Wataalamu wakaja kutoka Kairo, wakapima. Kumbe mtungi ni wa kale kweli, picha ndiyo feki! Mchuuzi fulani aliukuta hauna picha, akauchora ili auuze ghali, Ami Bishay hata hajazaliwa.

Mzee akarudishwa kazini. Picha nikaifuta yote mwenyewe, yeye kasimama pembeni. Ukabaki mtungi mwekundu, hauna picha. Nilijisikia vizuri, maana jina lake lilikuwa limesafishwa.

Lakini nani atasafiri kuja kuangalia mtungi usio na picha? Mabasi ya shule yakapungua, mwishowe hayakuja kabisa. Wauza ta'amiya wakahama. Mimi nikapewa uhamisho.

Siku ya kuondoka, Ami Bishay alinibebea begi hadi kwenye gari. Akanishika mkono.

"Mungu akulinde, binti yangu."

Gari likaondoka. Nyuma nikasikia kitu kinapasuka. Kugeuka, namwona Ami Bishay kasimama katikati ya vigae vya gudulia la maji.

Huku kwetu, gudulia huvunjwa nyuma ya mtu unayeomba asirudi tena.

Nililia njia nzima. Na bado nasema nilifanya sawa.

Funzo? Ukweli useme. Ila usitegemee kuagwa vizuri.