Maji ya Kumwoshea Baba

Baba yangu alifariki alfajiri, na kulipokucha pampu ya kisima chetu ikakataa kuvuta maji. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa sababu ndivyo yalivyofuatana. Sitafuti maana ndani yake. Mota iliwashwa, ikanguruma vizuri, lakini koki ikatoa upepo tu, upepo wa uvuguvugu wenye harufu ya tope.

Tunaishi nje kidogo ya Makanya, upande wa korongo. Kisima alikichimba baba mwenyewe kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo, ukiinama ukingoni uliyaona maji na uso wako ndani yake. Miaka ya karibuni ukiinama unaona giza. Kila kiangazi baba aliongeza kipande cha bomba chini, na kila mwaka maji yalimkimbia zaidi. Lile bomba la mkono la kitongoji lilikuwa limekwisha kufa. Mpini wake ulikuwa mwepesi, unapanda na kushuka bila kuhisi uzito wowote, maana mipira ya ndani ilikuwa imelika. Kwa hiyo majirani nao walichota kwetu.

Pampu ya mota haijui kuvuta hewa. Lazima uijaze maji kwanza, yenyewe na bomba lake lote, ndipo ishike. Baba aliita kazi hiyo kuinywesha. Alifungua nati ya juu, akamimina kwa kikombe cha bati polepole, mpaka maji yakafika mdomoni. Kisha alisubiri, ameinama, akiyatazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Maji yakitulia, alifunga nati na kuwasha. Yakianza kushuka, hakuongeza hata tone. Kushuka kule kuna maana moja: valvu iliyoko mwisho wa bomba, chini kisimani, ile inayoruhusu maji yapande na kuyazuia yasirudi, imeshindwa kufunga. Unachomimina juu kinakwenda kisimani. Dawa yake ni kulitoa bomba zima na kuiangalia, na kulitoa bomba ni kazi ya wanaume kadhaa na kamba nzuri.

Asubuhi ile maji yaliyobaki nyumbani yalikuwa nusu pipa. Shangazi, dada yake baba, aliliburuta mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akalifunika kwa kanga, akaweka kigoda mbele yake na kukikalia.

"Haya ni ya kumwoshea kaka," alisema. "Asiyaguse mtu."

Mazishi yalipangwa baada ya sala ya alasiri. Kabla ya adhuhuri ndugu zetu wa milimani wakateremka na lori. Walileta ndizi, kuni, na mchele. Huko kwao maji yanapita mferejini mbele ya nyumba, kwa hiyo haikumpitia mtu akilini kubeba hata dumu moja. Siwalaumu. Sisi nasi tukipanda kwao hatubebi kuni.

Mtani mmoja kati yao alitazama masufuria makavu juu ya mafiga, akapaza sauti ili wafiwa tusikie. "Jamani, huku tambarare hata machozi watu wanaazimana! Marehemu kafanya akili, kaondoka kabla hamjaanza kunywa mate."

Watu walicheka, hata mama aliinamisha kichwa akatikisika kidogo. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Lakini nilimwona akimaliza kucheka, akatazama koki, kisha akatazama juu milimani walikotoka.

Aliyeshika shughuli zote ni baba mdogo, mdogo wake baba wa mwisho. Mfiwa hashiki kazi kwetu. Anakaa mkekani, watu wanamfanyia. Nilikuwa nimekaa upande wa wanaume, karibu na mlango wa chumba alimolala baba, wakati baba mdogo alipokwenda kwenye pipa.

"Dada, inuka kidogo. Pampu ina kiu. Tukiinywesha itashika, na maji yatakuwepo ya kuosha, ya kupikia na ya kutawadhia watu wote hawa."

"Na isiposhika?"

"Itashika. Mimi nimemwona kaka akifanya mara ngapi!"

"Umemwona au umeisikia ikiwaka ukiwa umelala? Mdogo wangu, maji haya yakiisha kaka yako atapakwa vumbi mikononi na usoni badala ya kuoshwa, kama msafiri wa jangwani. Sitakubali."

"Dini inaruhusu."

"Najua inaruhusu. Mimi siruhusu."

Akazunguka upande wa pili, akaifunua kanga, akachota ndoo ya kwanza, shangazi akiwa bado anamsema. Niliinuka. Nilikwenda mpaka kwenye pampu, nikaweka sikio kwenye bomba wakati yeye anamimina. Nilisikia maji yakianguka chini kabisa, mbali, sauti nyembamba kama mtu anayekojoa mchangani. Hayakutua kwenye maji.

"Baba mdogo, usiongeze. Valvu ya chini iko wazi. Tulitoe bomba kwanza."

"Mwanangu, wewe ni mfiwa. Rudi ukakae."

"Nayasikia yakianguka."

"Unasikia msiba. Rudi mkekani."

Wazee wawili wakanishika mikono kwa upole, wakanirudisha. Hapo sikuweza kuvutana nao mbele ya chumba cha baba. Nilikaa nikisikiliza ndoo. Ilimiminwa, mota ikawashwa, ikalia. Ilimiminwa tena. Safari moja koki ilikohoa, ikatema kijiko cha maji mekundu, na uwanja mzima ukashangilia. Baba mdogo alinigeukia akitabasamu, jasho likimtiririka. Kukohoa kule ndiko kulikomponza. Angekuta kavu tupu pengine angeacha, lakini kwa kijiko kile akaendelea kulisha maji safi shimoni, akiamini imebaki kidogo tu. Mota ikaanza kunuka waya unaoungua. Ndipo mtani wa milimani akaizima mwenyewe, na hakufanya mzaha.

Shangazi alikuwa ameliinamia pipa, amelikumbatia.

"Imebaki ndoo moja," alisema. Hakupiga kelele.

Sasa wakakubali kulitoa bomba. Wanaume walilivuta kwa kamba, kipande baada ya kipande, wakivilaza kwenye vumbi. Nilitarajia lije limelowa sehemu kubwa ya mwisho. Kwa nje lilikuja kavu lote. Unyevu ulikuwa kwenye valvu peke yake, na mahali pa kufungia palikuwa pamekwama kokoto ndogo ya korongoni. Niliwaza kwamba kokoto ni jambo dogo, unaitoa kwa msumari. Baba mdogo aliitoa kwa msumari. Akaishika mkononi akiitazama, halafu akayatazama matope membamba yaliyoizunguka valvu, nasi sote tukajua kokoto haikuwa ugonjwa. Maji yalikuwa yameondoka mpaka pampu ikaanza kufyonza sakafu ya kisima.

"Tukilirudisha sasa, kidogo kilichopo kinaweza kuvutwa," alisema kwa sauti ya chini. "Inataka kunyweshwa mara moja tu. Valvu sasa inafunga."

Alikuwa akinitazama mimi. Wote walinitazama. Kazi si ya mfiwa, lakini baba ni wa mfiwa, na ndoo ile hakuna mwingine aliyetaka kuisemea. Sufuria za mama zilikuwa bado kavu. Watoto waliokuja na lori walikuwa wameanza kulia kiu. Ilikuwa kweli kwamba valvu ilifunga. Ilikuwa kweli pia kwamba nilikuwa nimeisikia sauti ile ya maji yakitua pakavu kisimani.

"Aoshwe," nikasema.

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa. Alituma vijana kwa pikipiki kwenda barabarani na madumu kutafuta maji ya kupikia, kisha akavua viatu, akaingia nami chumbani.

Muoshaji, mzee wa msikitini, aliuliza maji yako wapi. Nikamwonyesha ndoo. Aliitazama, akauliza mengine yako wapi.

"Ni hayo, babu."

"Basi mara moja badala ya tatu inatosha," akasema. "Shika kichwa."

Tulimwosha kwa kikombe. Muoshaji alimimina kidogo, akasambaza kwa kiganja, akasubiri yafike kabla hajamimina tena. Baba mdogo alishika miguu, analia bila sauti. Hakuna aliyeharakisha. Kikombe cha mwisho, kilichotiwa karafuu maiti, tulikimimina juu ya paji la uso, maji yakateremka shingoni na kwenye bega moja. Bega la pili muoshaji alilipangusa kwa kitambaa alichokikamua humohumo.

Tulipomvisha sanda na kumtoa, nilibaki nyuma kufukia shimo lililochimbwa chini ya kitanda kupokea maji ya kuoshea. Nilichukua jembe nikainama. Chini ya shimo palikuwa na alama ndogo nyeusi ya unyevu, pana kama sahani, nayo ilikuwa inapungua pembeni nikiitazama. Nikaweka jembe chini, nikasubiri mpaka ikauke yote, ndipo nikafukia.