Nilivyotoboa tangi la kijiji kwa hole saw isiyo saizi, nikamsingizia mwenzangu

Onga mshi wakuu, salamu ya kwetu milimani. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo wengi.

Nimeona kijana anauliza achague hole saw gani kwa drill yake, nikakumbuka jambo. Nalisema kama lilivyokuwa, hata pale linaponiaibisha.

Miaka ya Ujamaa nilikuwa fundi kwenye kiwanda cha mbao huko Shume. Tulikuwa na drill moja ya umeme na hole saw ya kubadilisha, ule msumeno wa kukata matundu ya duara: kichwa kimoja, pete za meno saizi mbalimbali. Unachomoa hii, unapachika ile, inalia "ta!", kazi inaendelea.

Kwa enzi zile nilijiona rubani.

Kijiji chetu kikapata tangi la chuma. Moja tu. Akina mama walikuwa wakishuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani, sasa yangekuja kwa bomba. Tangi likashushwa kiwandani kwetu, maana ndipo palipokuwa na umeme.

Mama Hoza, msimamizi wa maji kijijini, akaja na watu wa kulibeba. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, jaribu kwanza kwenye ubao."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

Nikachagua pete kwa kupima nati ya kiungio cha bomba, badala ya shingo inayopita tunduni. Nikakandamiza drill, moshi ukatoka.

Tundu zuri, duara kabisa. Kiungio kikapita chote na nati yake, kikaangukia ndani ya tangi. Ngwa!



Nikasema, "Yohana kanipa pete siyo."

Yohana alikuwa mtunza stoo, rafiki yangu. Alinitazama tu.

Mama Hoza akasema, "Basi nitamwambia meneja amnyang'anye funguo."

Akaanza kwenda ofisini. Nikamkimbilia. "Mama, pete nilichagua mwenyewe. Yohana hana kosa."

Akarudi kwenye tangi. "Haya. Linatengenezeka?"

Yohana ndiye aliyetafuta kipande cha chuma stoo. Tukakitoboa kwa pete ndogo, safari hii baada ya kujaribu kwenye ubao, polepole, na oili. Kiungio tukakiopoa, tukakikaza kwenye kipande hicho, na kipande tukakifunga kwa bolti juu ya lile tundu langu, katikati mpira wa tairi. Tukajaza maji. Halikuvuja hata tone.

Nikamuuliza Yohana kwa nini alinyamaza.

"Ningebishana nawe mbele za watu, ungeung'ang'ania uongo wako. Nikakuachia njia ya kurudi."

Kwa hiyo kijana, pima kile kitakachopita tunduni. Tundu dogo utalipanua, kubwa hulirudishi. Kwenye chuma nenda taratibu, tia oili. Na ukikosea, sema mapema.

Mafundi wenzangu, nanyi mliwahi kuharibu nini? Mwageni hapa, tusichekane.