Mkono wa Mama Wembe

Kazini jina lake halisi lilishasahaulika. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa mbegu, akikata mashina ya miche michanga vipande vyembamba hata ungeweza kusoma gazeti kupitia kwavyo. Ndiyo maana wakamwita Mama Wembe. Walinzi wa getini walitaniana: "Yule usimchezee, atakukata hata kivuli."

Miche yake ya maharage iliota ndani ya kabati la giza. Wageni wakija, aliwaeleza bila kuchoka: mche ukiwa gizani haurefuki kwa kuzalisha seli nyingi mpya. Zilezile zilizopo hulegeza kuta zake, hunywa maji, zikajivuta kwenda juu. "Ukiupiga mwanga tu," alikuwa akisema, "basi, mbio zimekwisha. Unaanza kugeuka kijani."

Mwaka ule alikuja mtafiti mpya, binti wa rika la kifungua mimba wake. Alitaka kuziona seli zikiwa zinarefuka hasa, na hilo lilimaanisha siku ya tano tangu mbegu kupandwa. Siku ya nne ni mapema mno, ya sita zimeshamaliza.

Lakini miezi miwili kabla, kijiko cha chai kilikuwa kimeanza kugongagonga kikombe mkononi mwake. Mumewe, fundi viatu, alisema, "Mama watoto, huo ni uchovu tu." Hospitalini hawakumzungusha: mkono wa kulia utaendelea kutetemeka; vidonge vitapunguza, havitaondoa. Akavitia vidonge mkobani, na kazini hakumwambia mtu.

Siku ya tano ikafika. Kulikuwa na miche arobaini, myeupe na mirefu, vichwa vimejikunja kama ndoano. Alichukua wa kwanza, akaulaza kwenye kioo, akashusha kiwembe. Kipande kikatoka upande mmoja kinene, upande mwingine kimechanika. Wa pili vilevile. Akaegemeza kiwiko mezani, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akabana pumzi. Wa saba ulikatika katikati. Kila alipofungua kabati kutoa mmoja, mwanga uliifikia iliyobaki, naye akajua anaiharibu. Asipofungua, saa zinakwenda na seli zinakaribia kumaliza kurefuka. Hakuwa na pa kukimbilia.

Mtafiti aliingia saa nne. "Mama, tumefikia wapi?"

"Kiwembe kimekufa makali, mwanangu."

Binti akamletea kipya, akasimama pale pale kungoja. Mama Wembe akakishika. Kikawa kinacheza mbele ya macho yao wawili.

"Tangu lini, mama?"

Alikiweka kiwembe chini taratibu, kisha akaificha mikono mapajani kama mtoto aliyeiba sukari.

Binti akajaribu mwenyewe. Vipande vikatoka kama vya karoti ya mchuzi.

"Usibonyeze," Mama Wembe alisema. "Kilaze. Kiache kiteleze."

"Kiteleze vipi?"

"Yaani… usikisukume. Unakisikia tu."

"Nakisikia wapi, mama?"

Miaka yote ile Mama Wembe hakuwahi kujiuliza. Mkono ndio uliokuwa unajua. Hadi alasiri walikuwa wameimaliza miche yote arobaini, na hakikupatikana kipande hata kimoja cha kutazama kwenye hadubini. Binti hakumlaumu. Alifagia meza tu, na hilo lilimuuma Mama Wembe zaidi kuliko kama angegombezwa.

Wiki iliyofuata mkuu wa kituo alimwita, akazungumza naye kwa upole, akamhamishia mapokezi. Kazi: kupokea simu na kuwaelekeza wageni. Mumewe akafurahi. "Si afadhali? Utakaa kitako." Akaitikia kwa kichwa.

Mwezi mmoja baadaye binti alishuka mapokezi na kipande cha mche alichokata mwenyewe, juu ya kioo.

"Niambie ukweli, mama."

Mama Wembe alikielekeza dirishani kwa mikono miwili, kikatetemeka. Akakiweka juu ya daftari la wageni, akainama kukitazama.

"Bado kinene."

"Sasa nifanyeje?"

Alimwangalia yule binti, uso umechoka kwa kukosa usingizi, akatamani kama angeweza kuuvua mkono wake wa zamani amkabidhi.

"Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa nakata tu."

Simu ikalia. Akaipokea kwa mkono wa kushoto.