Ginka wa Tsonka

Tangu aolewe, Tsonka alikuwa akiosha vyombo vya maziwa katika kiwanda kidogo cha mtindi karibu na mji wa Troyan. Kujumlisha na kuzidisha alifanya kichwani bila taabu. Hesabu za maneno ndizo zilizomtoa shuleni: akisoma tu habari za mama na umri wa binti yake, alifunga daftari.

Majira ya baridi aliteleza kwenye barafu akifuata kuni, akavunjika mguu. Hospitalini akalazwa kando ya Evdokia, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyevunjika nyonga, bibi mwenye mdomo mkali. Siku moja, kwa kuchoka kutazama dari, Tsonka akamsimulia habari za mbuzi wake na jinsi alivyoacha shule.

"Wewe ulikimbilia jibu kabla ya kuelewa swali, mwanangu," Evdokia alisema. "Sikiliza. Mama ana umri mara tatu ya ule wa binti yake. Baada ya miaka kumi na miwili, umri wake utakuwa mara mbili ya ule wa binti. Usikokotoe! Niambie tu, tusichokijua ni nini?"

"Umri wa binti."

"Upe jina."

"Niuite x?"

"Kama x inakutisha, uite hata kwa jina la mbuzi wako."

Tsonka akacheka mpaka mguu ukamuuma. "Basi, Ginka."

"Na mama?"

"Ginka watatu."

"Miaka hiyo ikipita je?"

"Binti ni Ginka na kumi na mbili. Mama ni Ginka watatu na kumi na mbili." Akasita. "Halafu mama ni sawa na binti mara mbili... Ginka wawili na ishirini na nne!"

"Ehee! Sasa una mizani. Ukitoa huku, toa na kule."

Akatoa Ginka wawili kila upande, kisha kumi na mbili kila upande. Akabaki Ginka mmoja huku, kumi na mbili kule.

"Binti ana kumi na miwili, mama thelathini na sita," alisema polepole. Akarudi kwenye swali kuhakikisha: arobaini na nane, ishirini na nne. Machozi yakamtoka. Evdokia akajifanya anatafuta miwani yake.

Tangu siku hiyo walikula hesabu pamoja na supu. Mguu ulipopona, Tsonka akajiandikisha shule ya jioni, akamaliza, na kiwandani akahamishiwa chumba cha kuchanganya maziwa, ambako hukokotoa mwenyewe kiasi cha mafuta katika kila mchanganyiko.

Kila vuli humpelekea Evdokia pilipili hoho za kuchoma, wakazichoma na kuzimenya wote wawili jikoni kwake.

"Bila wewe, mwalimu, ningekuwa bado naosha vyombo," Tsonka alimwambia safari moja.

"Acha kunisifu, hizo bado zina maganda," Evdokia akajibu, huku akimsogezea kiti karibu na jiko la moto.