Msichana Aliyeturuka

Nilipokuwa mtoto sikuogopa jini wala paka mweusi. Nilichoogopa ni kuketi nimenyoosha miguu mbele za watu.

Kwetu Likoni ilijulikana kwamba mtoto akirukwa miguu hakui. Hubaki na kimo kile kile mpaka aliyemruka amruke tena, akirudi upande aliotokea. Nyanya yangu alilisema jambo hili kama asemavyo mtu kwamba chai ina moto. Ukipita juu ya miguu ya mtu nyumbani kwake, hata kwa bahati mbaya, alikuita, "We, rudi ulikotoka." Ulirudi, mambo yakaisha.

Chuoni hayakuisha, kwa sababu ya Mishi.

Tulisoma Kurani ukumbini kwa mwalimu, wasichana tukiketi kwenye mkeka mmoja mrefu. Mishi hakuwa mkubwa kutushinda wala hakuwa na nguvu, na kusoma alisoma kama sisi tu. Lakini yeye ndiye aliyewaza jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliwaza: kumruka mtu, kisha asirudi. Alingoja mwalimu aingie ndani, akaruka miguu ya aliyejisahau, akasimama upande wa pili akitabasamu.

"Nirudishe, Mishi."

"Nikipenda."

"Utapenda lini?"

"Kwanza nibebee juzuu yangu mpaka nyumbani, ewe kimo cha mbuzi. Halafu tutaona."

Basi akawa na watu wake. Mmoja alimbebea juzuu, mwingine alimtekea maji ya udhu, mwingine alimwachia nafasi ya karibu na mlango penye upepo. Leo najiuliza kwa nini hatukumshtaki kwa mwalimu. Nakumbuka tu kwamba waliorukwa walirudi nyumbani pamoja, wakicheka nyuma ya Mishi, na wasiorukwa walikwenda mmoja mmoja. Baadhi yao nilianza kuwaona wakinyoosha miguu makusudi kila Mishi alipokaribia.

Mimi nilirukwa siku ya mvua, nikiwa nimesinzia. Nilikuwa mfupi tayari. Tangu siku hiyo juzuu ya Mishi niliibeba mimi, na nilikuwa nikijipima kwenye mlango wa jikoni kila asubuhi. Paji langu la uso lilikuwa sawa na komeo, na likaendelea kuwa sawa na komeo, mpaka nikaamini kwamba nitaolewa nikiwa na kimo kile, kama nitaolewa.

"Saumu, mbona wajipima kila siku kama nguo ya Idi?" nyanya aliniuliza.

"Nimerukwa, nyanya."

"Na nani?"

Hata pale sikutaka kumtaja. Nyanya hakunilazimisha. Alipepeta mchele wake kidogo, kisha akasema, "Alokuruka ana miguu, nawe una mdomo. Mfuate. Usingoje apende."

Nilikwenda baada ya alasiri. Mamake Mishi alikuwa uani akikaanga viazi vya karai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko ndani, amelala. Kamwamshe."

Mishi alikuwa amelala chali kwenye mkeka, miguu imenyooka. Nilisimama nikimtazama, maana sikuwahi kuiona miguu yake hivyo. Chuoni aliikunja chini ya kanga tangu mwanzo wa somo hadi mwisho, nasi tukidhani ni adabu. Pale ndipo nilipoelewa kwamba naye alikuwa akiogopa, na pengine kutushinda sisi, kwa kuwa alijua jinsi jambo hilo linavyofanywa.

Nikainua mguu mmoja. Akafumbua macho.

"Saumu, wallahi usiniruke."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilibaki nimesimama kwa mguu mmoja, na nakumbuka utamu ulionipanda kifuani, utamu nisioujua, wa kutazamwa vile na mtu aliye chini yangu. Ulinishangaza.

"Basi nirudishe."

"Kwani wewe nilikuruka?"

Hakuwa akitania. Alinikazia macho, akijaribu kwa kweli kukumbuka. Mimi niliyembebea juzuu juani na mvuani, nikajipima mlangoni kila kukicha, nilikuwa nimemtoka akilini. Nikaketi, nikanyoosha miguu. Akaniruka upesi kama mtu anayevuka mtaro, akaenda zake kunywa maji.

Kesho yake tulipotoka chuoni, Mishi alitoka na juzuu yake kwapani. Hakuniita. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuanza kutembea, wakicheka. Nikajiona ninanyoosha mkono.

"Lete nikubebee."

Akanipa bila kunitazama.

Baadaye nilikua, kama watoto wote wakuavyo. Sasa mwanangu anasoma, nami huenda mikutano ya wazazi, huketi nyuma na kusema machache. Yuko mama mmoja ambaye mkutano hauanzi mpaka afike, na yuko mwingine ambaye humfutia kiti kwa leso yake. Sijasikia akiombwa. Watu humtazama yule wa kukaa. Mimi humtazama huyu wa kufuta, nikatamani kumuuliza, nikaona haya.

Nyanya alijua dawa ya kurukwa, na dawa yake ilinifaa. Lakini ile hali ya siku ya pili, nilipokuwa huru kabisa na nikaona uzito kwenda nyumbani mikono mitupu, hakunipa jina lake. Bado nalitafuta.